Nilipima UVIKO siku ya pili, nikaambiwa sina, nikapanda basi kwenda kwa mama. Tuongee kuhusu SIKU ya kupima

Mwalimu wa Jedwali (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, sekondari, hapa Dar. Si daktari wala nesi. Ninayoandika hapa nimeyapata kwa kumuuguza mama yangu, na kwa kumsumbua jirani yangu, mtaalamu wa maabara, mpaka akanielewesha. Nimeamua kuandika kwa sababu wiki hii mafua yamezunguka ofisi nzima ya walimu, na nimemsikia mwenzangu akisema, "Nimepima jana, sina kitu, kesho naenda kumwona bibi." Nikamuuliza, huyo mgonjwa ulikutana naye lini? Akajibu, juzi. Nilishtuka, maana maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2021.

Jumamosi tarehe 10 Julai 2021 tulikuwa kwenye hitima Magomeni. Lilikuwa wimbi la tatu, wakati ule watu wengi bado wanaita ugonjwa huu "changamoto ya upumuaji" na wanalitamka kwa sauti ya chini. Nilikaa mkekani na binamu yangu bega kwa bega, karibu saa tatu nzima, tukala sinia moja. Jumatatu mchana akanipigia simu: amepima, anao.

Mimi nilikuwa na tiketi ya basi la Jumanne asubuhi kwenda Tanga kwa mama. Mama ana kisukari na presha. Nikaona cha busara ni kupima kwanza. Jioni ile ile nikaenda kituo kimoja cha afya cha binafsi, nikaingizwa kijiti puani, nikakaa kwenye benchi kama robo saa, nikapewa karatasi yenye mhuri: hasi. Hakuna aliyeniuliza nilikutana na mgonjwa lini, na mimi sikusema. Nikaikunja ile karatasi mara nne nikaiweka kwenye pochi pamoja na kitambulisho, kana kwamba ni kibali cha kusafiria.

Jumanne alfajiri nikawa stendi ya Mbezi Luis. Muheza nikanunua machungwa, mchana nikawa Ngamiani. Mama alinipokea mlangoni kwa kunikumbatia. Usiku tukalala chumba kimoja, ndivyo tunavyolala siku zote nikienda kwake, tunapiga soga mpaka mmoja wetu apitiwe na usingizi.

Jumatano usiku koo likaanza kuwasha. Alhamisi kichwa kikawa kinagonga. Nikajiambia ni vumbi la safari, kwa sababu nimepima. Mama aliponiuliza mbona unakohoa, nilifungua pochi nikamwonyesha karatasi. Akavaa miwani, akaisoma, akanirudishia, akasema alhamdulillah, akaenda jikoni kunichemshia tangawizi.

Jumapili tarehe 18 akaanza kukohoa yeye. Tarehe 24, siku chache baada ya Idi, hakuweza kumaliza sentensi bila kukatiza avute pumzi. Hospitalini nesi akambana kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni. Mama alikuwa na piko kwenye kucha, aliyopaka kujiandaa na sikukuu. Nesi akaitazama namba, hakuridhika nayo, akakihamishia kifaa kwenye ndewe ya sikio. Ikasoma 86, namba ya chini mno. Akalazwa siku tisa na mpira wa oksijeni puani. Siku Rais Samia anachanjwa Ikulu kuzindua chanjo nchini, tarehe 28 Julai, mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya kitanda chake, nautazama mshale wa mtungi.

Yuko hai, namshukuru Mungu. Ila mpaka leo akibeba ndoo ya maji kutoka bombani hadi jikoni, anaitua mara moja katikati ya ua.

Kwa hiyo nimekaa miaka na swali moja: kile kipimo kilikuwa kibovu? Jirani yangu aliniambia hapana. Kipimo kilisema kweli ya siku ile, mimi ndiye niliyekiuliza kabla hakijawa na cha kujibu.

Alinieleza hivi. Umekanda unga wa mahamri, hamira umetia. Baada ya dakika tano ukifunua sufuria, unga uko vilevile. Huwezi kusema hamna hamira mle. Ipo, inafanya kazi yake, ila bado haijaonekana. Kirusi nacho kikiingia puani kinaanza na chembe chache, kinaingia ndani ya seli, kinajizalisha. Siku moja au mbili za mwanzo, kijiti kikipita puani kinaweza kutoka mikono mitupu, na wewe umeshaambukizwa.

Sasa kuna vipimo vya aina mbili na havioni sawa. PCR inatafuta vinasaba vya kirusi, na kabla ya kutoa jibu inavizidisha: kila mzunguko, mara mbili. Kwa sisi watu wa namba hapo ndipo utamu ulipo. Mizunguko 10 inageuza nakala moja kuwa 1,024. Mizunguko 20 inapita milioni moja. Mizunguko 30 inapita bilioni. Ndiyo maana PCR inakamata hata kidogo. Kipimo cha haraka, kile cha mistari miwili, hakizidishi chochote. Kinatafuta protini ya kirusi kama ilivyo, kwa hiyo kinahitaji virusi viwe vingi kwanza. Mimi nilipimwa hicho cha pili, siku ya pili.

Na hata PCR ina siku zake. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walikusanya matokeo ya tafiti saba za PCR, wakakadiria kwamba siku ya kwanza baada ya kuambukizwa kipimo kinamkosa kila mtu. Siku ya nne kinawakosa 67 kati ya 100. Siku dalili zinapoanza, ambayo wao waliihesabu kuwa ya tano, kinawakosa 38. Siku ya nane kinawakosa 20, hapo ndipo pazuri kuliko pote. Baadaye Omicron, aina mpya ya kirusi hiki, ilikuja na haraka yake, dalili zikawa zinatokea kama siku ya tatu, lakini mwendo ni ule ule: mwanzo giza, kisha mwanga, kisha giza tena.

Niliporudi Dar nilichora jedwali kwenye daftari la maandalio ya somo. Jumamosi sifuri. Jumapili moja. Jumatatu mbili, NIMEPIMA. Jumanne tatu, BASI. Jumatano nne, KOO. Alhamisi tano. Siku ambayo kipimo kingeweza kunisaidia ni ile ile niliyokuwa namwonyesha mama karatasi ya Jumatatu. Na wenye ugonjwa huu huanza kuambukiza siku moja hadi mbili kabla hawajahisi kitu, maana yake huenda nilishaanza kuambukiza ndani ya basi lile, pembeni ya abiria nisiyemjua hata jina.

Ninavyofanya sasa, hesabu naianza siku ya mwisho niliyokaa karibu na mgonjwa, na hiyo naiita sifuri. Siku niliyopata habari haihusiki, simu inaweza kuchelewa. Kama sina dalili, nasubiri zitimie siku tano kamili ndipo nipime, na kwenye kungoja navaa barakoa na siendi kwa mzee wala kwa mwenye kichanga. Dalili zikianza kabla ya hapo, napima siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka kikisema sina na bado naumwa, narudia baada ya saa 48. Na karatasi ya kabla ya dalili, dalili zikianza, naichana. Kutokuichana ndiko kulikonigharimu zaidi.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO si dharura ya dunia tena, lakini kirusi chenyewe hakijaondoka, na wazazi wetu wenye sukari na presha wamebaki wale wale. Nawasilisha. Mwenye utaalamu anisahihishe nilipoteleza.

---

Kipanga wa Pwani

Pole sana mwalimu, na mama apewe afya. Lakini mimi vipimo hivi sijawahi kuviamini tangu 2020. Tuliambiwa na Rais mwenyewe, hayati Magufuli, kwamba papai na mbuzi vilipimwa vikakutwa na corona. Sasa kipimo kinachomkuta papai anaumwa, mimi nikipangie siku ya nini?

---

Mwalimu wa Jedwali

Mkuu Kipanga, asante kwa pole. Nakumbuka vizuri, ilikuwa tarehe 3 Mei 2020, na siku chache baadaye mkuu wa Africa CDC (kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa) wakati ule, John Nkengasong, alijibu kwamba vipimo vilivyosambazwa vilikuwa vimehakikiwa na ni vizuri. Mjadala wa maabara yetu siwezi kuumaliza mimi hapa. Jirani yangu anasema sampuli huweza kuchafuliwa na mtu asiyenacho akaonekana anacho, hutokea, na ndiyo maana maabara huwa na sampuli za kujihakiki.

Ila tazama kosa langu mimi lilielekea wapi. Mimi sikuambiwa ninacho wakati sina. Niliambiwa sina wakati ninacho. Kwa kipimo cha haraka makosa mengi yako upande huo. Kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaka ni kwamba kati ya wagonjwa 100 kiwapate angalau 80, na kati ya wazima 100 kiwaachie angalau 97. Pia mwaka 2022 taasisi ya Cochrane ilichambua tafiti nyingi sana za vipimo hivi, ikakuta kwa wenye dalili vinawapata kama 73 kati ya 100, na kwa wasio na dalili kama 55. Yaani mtu asiye na dalili anayepima mara moja anakaribia kurusha shilingi. Kwa hiyo kutokuamini kwako kuna mahali pake: usiiamini HASI ya mara moja. Chanya usiipuuze.

---

Nesi wa Zamu

Mwalimu umeeleza vizuri kuliko baadhi yetu kazini. Nami niongezee ya wodini kwa sababu naona watu watasoma hapa wakadhani kila homa ni UVIKO.

Kwetu mtu akija na homa, malaria inapimwa. Usiruke hapo. Lakini malaria ikionekana usifunge jalada, mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, na nimewaona. Kikohozi kikifika wiki mbili, acha kuhesabu siku za UVIKO, nenda ukapimwe makohozi ya kifua kikuu. Na kama unaishi na VVU usingoje hizo wiki mbili, kikohozi cha siku yoyote kiseme kliniki.

Mafua makali ya influenza yana saa yake nyingine. Yanatokea haraka, kama siku mbili baada ya kuambukizwa, na dawa yake, oseltamivir, inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili. Dawa ya UVIKO ya vidonge, Paxlovid, panapopatikana, inatakiwa ianzwe ndani ya siku tano. Kwa hiyo mzee, mjamzito, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa moyo, kwao "nitapima nikiona inazidi" ni hasara. Wao wapime siku dalili inapoanza, kwa sababu jibu linabadilisha dawa. Kijana mzima wa miaka 25 ambaye anaweza kujilaza nyumbani siku tano, kipimo hakitambadilishia matibabu. Kwake faida kubwa ni kujua nani asimsogelee.

Na kitu kimoja kinaniuma. Watoto. Wazazi wanazunguka kutafuta kipimo huku mtoto anahangaika. Kwa mtoto mdogo anayebanwa kifua, mara nyingi ni kirusi kiitwacho RSV, na jina la kirusi halibadilishi sana tutakachomfanyia: tutaangalia oksijeni yake na kama ananyonya. Mfunue kifua, shika saa, hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni za haraka mno. Miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Ukiona chini ya mbavu panabonyea ndani kila akivuta pumzi, au amekataa ziwa, funga kanga utoke. Kipimo kitafuata huko huko.

---

Mgosi wa Chumbageni

Mwalimu, mimi niko Tanga hapa hapa, msalimie mama. Swali langu: kuna mahali nilipimwa kwa kutobolewa kidole, tone la damu, wakasema sina corona. Hiyo inahesabiwaje kwenye jedwali lako?

Halafu nyungu hujaitaja. Sisi tulipiga nyungu tukapona.

---

Mwalimu wa Jedwali

Mgosi, salamu zimefika, nimempigia nikamwambia kuna mgosi wa Chumbageni anakusalimu, amefurahi.

Hicho cha damu kwa kawaida kinatafuta kingamwili, yaani askari wa mwili wako wanaotengenezwa baada ya kirusi au chanjo kupita. Askari hao huchukua wiki moja hadi tatu kuonekana. Kwa swali la "je, leo ninacho?" hakifai. Kikisema hapana unaweza kuwa unacho asubuhi ile ile, na kikisema ndiyo huenda ni cha mwaka jana. Uliza kabla hujalipa: mnachukua puani au mnachukua damu?

Nyungu sitaisema vibaya, mvuke unafungua pua na mama mwenyewe aliipenda. Ila haiui kirusi kilichoko ndani ya seli, na haiwezi kukaa badala ya kipimo wala ya hospitali. Sisi ilituchelewesha siku mbili. Na tafadhali usimfunike mtoto na sufuria ya moto chini ya blanketi, wanaungua.

---

Nesi wa Zamu

Naunga mkono hilo la kuungua, nimewafunga bendeji.

Na kwa kuwa mwalimu ameitaja piko: kile kifaa cha kidoleni kimethibitika kuwapa watu wa ngozi nyeusi namba ya juu kuliko hali halisi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulikuta wagonjwa weusi walikosewa karibu mara tatu ya weupe, yaani kifaa kinasema oksijeni ipo na damu inasema haipo. Kwa hiyo ukiwa nacho nyumbani, kidole kisiwe na rangi wala piko, kiwe cha moto, na usijipe moyo kwa sababu tu imesoma 93 au 94. Tazama inavyoshuka kutoka asubuhi hadi jioni, na tazama mgonjwa mwenyewe. Mtu anayekatisha sentensi apelekwe, namba iseme inachosema.

---

Bint Pangani

Samahani naingilia, nina jambo la leo hii. Kaka yangu amekuja kutoka London Jumapili usiku kwa ajili ya arusi. Jana Jumatano ameanza kupiga chafya na mwili kuuma, leo asubuhi amejipima kwa boksi la vipimo alilokuja nalo, mistari miwili. Tangu asubuhi yuko chumba cha uani peke yake. Mimi sina dalili yoyote. Jumamosi nilipanga kwenda Pangani kwa bibi, ana miaka 80 na kitu. Vipimo vimebaki vinne. Nipime lini? Niko tayari kupima hata sasa hivi.

---

Mwalimu wa Jedwali

Bint, poleni, na ahsante kwa kuuliza kabla ya safari. Mara ya mwisho kukaa naye karibu, kula naye au kukaa sebule moja, ni lini hasa?

---

Bint Pangani

Jana usiku. Tulikula pamoja, tukaangalia picha za arusi kwenye simu yake mpaka saa nne, vichwa vimegusana.

---

Mwalimu wa Jedwali

Basi Jumatano ni sifuri. Leo Alhamisi moja, Ijumaa mbili, Jumamosi tatu, Jumapili nne, Jumatatu tano. Ukipima sasa hivi utapoteza kipimo kimoja kati ya vinne na utapata karatasi kama yangu. Jumamosi ni siku ya tatu. Hata ukipima asubuhi ile na kikasema huna, mimi nakuomba kama mdogo wangu, usiende.

Lakini kumbuka kaka yako huenda alikuwa anaambukiza tangu Jumatatu au Jumanne, kabla ya chafya. Kwa hiyo wewe unaweza kuwa mbele ya jedwali hili. Ukisikia lolote, koo, pua, kichwa, uchovu usio na sababu, pima siku hiyo hiyo usingoje Jumatatu. Kikisema huna, rudia baada ya saa 48. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisema hivyo mwaka 2022: mwenye dalili apime mara mbili, asiye na dalili mara tatu, kila mara zipite saa 48. Vipimo vinne vinakutosha ukivitumia kwa mpango.

Vitunze. Soma boksi, mengi yameandikwa nyuzi 2 hadi 30, na Dar hii ndani ya gari au juu ya friji ni zaidi ya hapo. Angalia tarehe ya kuisha. Penga kamasi kwanza. Zungusha kijiti pua zote mbili, taratibu, kiguse ukuta wa pua kisielee tu katikati. Weka saa kwenye simu, soma kwa muda ulioandikwa, mara nyingi dakika 15. Usisome baada ya saa nzima kupita, mstari wa uongo huweza kujitokeza. Mstari wa C lazima uonekane, usipoonekana kipimo kimeharibika. Mstari wa T hata ukiwa hafifu kama penseli iliyofutwa, ni chanya.

Na arusi?

---

Bint Pangani

Arusi ni wiki mbili zijazo. Bibi nimemwambia naahirisha, amenuna kidogo.

---

Kipanga wa Pwani

Nimesoma yote. Mwalimu, kuna kitu sijaelewa. Mke wangu alipima PCR kwa ajili ya safari, wiki ya nne baada ya kupona, wakamwambia bado anacho. Alikuwa mzima anapika anafua. Hapo kipimo kilikosea au hakikukosea?

---

Mwalimu wa Jedwali

Mkuu, hapo ndipo ile ya kuzidisha mara mbili inapogeuka. PCR inaona hata mabaki. Kirusi kimekufa, vipande vyake viko puani bado, mashine inavizidisha inasema nimeviona. Inaweza kuendelea wiki kadhaa, kwa wengine hadi miezi mitatu. Haikukosea, ila ilijibu swali jingine. Swali la mke wako lilikuwa "bado naambukiza?", na kwa hilo kipimo cha haraka kinasaidia zaidi, kwa sababu kinataka virusi vingi ndipo kiseme ndiyo.

Hilo hilo ndilo ninalolifanya sasa nikienda kwa mama hata kama sijakutana na mgonjwa yeyote ninayemjua. Nikiwa nacho kipimo cha haraka napima asubuhi ya kuonana naye, muda mfupi kabla sijaingia ndani. Sipimi siku mbili kabla ya safari. Kipimo cha jana kimeshapitwa na usiku.

---

Nesi wa Zamu

Bint Pangani unaendeleaje? Na kaka?

---

Bint Pangani

Kaka anaendelea vizuri, homa imekata jana. Mimi Jumamosi jioni koo lilianza kukwaruza, kidogo tu, ingekuwa siku nyingine nisingejali. Nikapima: mstari mmoja. Kusema kweli nilishapanga nguo, nikakaa kitandani nauangalia ule mstari mmoja dakika nyingi. Nikakumbuka saa 48.

Leo Jumatatu jioni nimerudia. C umetoka kwanza. Nikadhani umeishia hapo. Dakika ya kumi hivi nikawasha tochi ya simu, T upo, hafifu, wa waridi.

Nimehamia chumba cha uani na kaka. Bibi nimempigia nimemweleza, safari hii hakununa. Ameniuliza kama nakula. Amesema kuna mkungu wa ndizi alikuwa ameniwekea, umeanza kuiva, atawagawia watoto wa jirani na mwingine utakuwa tayari mwezi ujao.

---

Mwalimu wa Jedwali

Pole mdogo wangu. Kunywa maji, pumzika, na ukisikia pumzi inakatika nenda hospitali hata usiku. Nitapita hapa kesho jioni kukuulizia.